Kiazi kitamu kimekosa nini mkobani mwa mtoto?

Kila muhula unapokaribia ukingoni, wazazi wengi humu nchini hupokea kijibarua kutoka shuleni. Darasa fulani litazuru bustani ya burudani jijini, penye bembea, mitelezo ya maji na vigari vya umeme vya kugongana. Nauli na kiingilio ni kiasi kadha wa kadha, basi litaondoka alfajiri, na mwanafunzi aje na kofia, nguo za kuogelea na 'sneki'. Mzazi hutia sahihi, akahangaikia fedha, na jioni ya kuamkia safari akamshika mwanawe mkono hadi dukani. Hurudi na pakiti mbili za krispi, biskuti za malai, peremende za rangi saba na soda ya nusu lita. Kazi imekwisha, na jiko halikuwashwa.

Vijibarua vya namna hiyo nimevisoma mara nyingi, kwa jicho la mzazi na pia kwa jicho la mtu anayelipwa kuyachunguza maneno. Kila mara jicho hukwama pale pale, kwenye hilo neno 'sneki'. Naomba msomaji anistahimili kidogo, maana ninachotaka kudai chaweza kuonekana kama mzaha wa mhadhiri asiye na kazi. Nadai kwamba neno hilo moja, katika karatasi ile ndogo, ndilo linalokitoa chakula chema mkobani mwa mtoto na kuingiza sukari na chumvi mahali pake.

Mimi si miongoni mwa wale wanaolia kila neno la kigeni linapobisha hodi. Meza tuliipokea kwa Wareno, shule kwa Wajerumani na shati kwa Waingereza, na hakuna aliyekufa. Hata hilo neno 'snack' lenyewe, wataalamu wa historia ya Kiingereza hulifuatia hadi Kiholanzi cha enzi za kati, ambako lilihusu kung'ata. Ugeni wake haunishughulishi. Kinachonishughulisha ni mipaka ya maana liliyojiwekea lilipofika kwetu. Katika vinywa vya watoto wa Nairobi, Nakuru na Mombasa, 'sneki' ni kitu kilichotoka kiwandani, kikafungwa katika pakiti inayong'aa, kikauzwa dukani. Muulize mtoto yeyote kama ndizi ni 'sneki'. Atakuambia ni tunda. Muulize kuhusu kiazi kitamu. Atakucheka.

Si kwamba Kiswahili kilipungukiwa na maneno. Msafiri wa jadi alifungiwa masurufu. Neno hili tulilitwaa kwa Waarabu, ambao kwao linahusu matumizi, yaani fedha za kutumia. Kiswahili kikalipanua, likawa chakula na fedha pamoja, kila kitu kilichomwezesha mtu kwenda na kurudi bila ya kuombaomba njiani. Tunacho kitafunio pia, kinachotokana na kutafuna, ambacho kwa watu wa pwani ndicho kinacholiwa na chai: mahamri, mkate, muhogo, kiazi. Tunazo kumbwe na asusa, vitu vya kutafuna kidogo kidogo, aghalabu pamoja na kinywaji. Maneno yote haya yana nafasi ya kiazi ndani yake, na hakuna hata moja linalodai kwamba chakula kiwe na kiwanda nyuma yake ndipo kihesabiwe.

Katika ziara moja niliyoandamana nayo kama mzazi msaidizi, niliketi nyuma ya basi. Mbele yangu alikuwa msichana wa miaka minane hivi. Wenzake walipoanza kufungua pakiti zao, yeye alitoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi na kukunjwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na vipande vya nduma, yai na chungwa. Alikula akiwa ameelekeza uso dirishani, amekifunika kile kitambaa kwa kiganja. Mvulana wa kiti cha pili alichungulia akasema kwa sauti ya kutosha basi zima, "Hiyo si sneki." Hakukusudia ubaya. Alikuwa akisahihisha lugha, kama tufanyavyo sisi wanaisimu. Msichana alikifunga kitambaa, na sikumwona akikifungua tena siku ile. Mchana aliomba krispi kwa rafiki yake.

Mama aliyeamka saa kumi usiku kuchemsha nduma zile hakujua kwamba alichomfungia mwanawe ni aibu. Nduma zenyewe, nipachike hapa neno la kitaaluma, zimekwisha kudhulumiwa na lugha mara moja. Wakenya tukizungumza Kiingereza huziita 'arrowroots', ilhali mmea wenye jina hilo ni uwanga, mwingine kabisa. Nduma ndizo wenzetu wa Tanzania waziitazo majimbi. Chakula ambacho hata jina lake hatulijui sawasawa ni vigumu kukitetea mbele ya pakiti yenye picha ya simba anayecheka.

Sasa tuiangalie hiyo soda ya nusu lita. Ina takriban gramu 50 za sukari, ambazo ni kama vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na kwamba ingefaa zaidi iwe chini ya asilimia 5. Mtoto wa gredi ya pili anayehitaji kilokalori 1,500 hivi kwa siku hafai kuvuka gramu 38. Chupa ile moja imekwisha kumvusha kabla ya biskuti na peremende kuhesabiwa. Akishaimaliza hupandishwa kwenye bembea inayozunguka kama pia. Walimu wanaosafisha mabasi jioni wanajua yatokeayo baada ya hapo, nami sina haja ya kuyaeleza katika ukurasa ambao watu huusoma wakinywa chai.

Kuna watakaosema kwamba siku ya ziara ni siku ya furaha, tumwache mtoto ale apendacho. Nami sijasema asionje kitu kitamu. Kipande kimoja cha kashata hakimwangushi mtu. Lakini furaha ya mtoto katika bustani ya burudani inategemea miguu inayoweza kukimbia kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na miguu hiyo haiendeshwi na hewa iliyofungwa katika pakiti. Sukari tupu humpandisha upesi na kumshusha upesi. Ifikapo saa saba utamwona amekaa chini ya kivuli, amenuna, anataka kurudi nyumbani.

Basi afungiwe nini? Nitaanza na kiazi kitamu, kwa sababu ndicho kilichotukanwa zaidi. Vile viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo siku hizi hupatikana katika masoko yetu mengi, vina vitamini A kwa wingi. Gramu 125 tu, kiazi cha kadiri, zinaweza kumtosheleza mtoto mdogo mahitaji yake ya vitamini hiyo kwa siku. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wanasayansi wanne, miongoni mwao Mganda Robert Mwanga, na watatu kati yao walituzwa kwa kazi ya kuviendeleza viazi hivi hivi barani Afrika. Ulimwengu umekivisha kiazi nishani, nasi tunamwachia mtoto akifiche kwa kiganja! Kichemshwe na maganda yake alfajiri ya safari, kipoe, kifungwe kikavu. Ganda lake ni mfuko usiohitaji kununuliwa.

Hali kadhalika chungwa na ndizi. Haya ni matunda ambayo Mwenyezi Mungu ameyafunga mwenyewe, na mtoto aliyenawa mikono anaweza kuyala bila kisu wala sahani. Embe ni tamu lakini huleta vita vya nguo. Tikitimaji lililokatwa lisipelekwe kokote penye jua. Chapati iliyopakwa siagi ya njugu na kuviringwa hushikika vizuri mkononi na hukaa tumboni muda mrefu. Kwa walio pwani upo ubuyu, ambao unga wake mweupe una vitamini C ya kutosha, ila naongea juu ya ubuyu wenyewe na wala si zile mbegu nyekundu zilizopikwa kwa sukari na rangi mpaka ulimi wa mtoto ukaonekana kama umepakwa wino.

Karanga zahitaji maneno zaidi kidogo. Ni chakula bora, chepesi kubeba, kisichooza upesi. Lakini mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, hasa ndani ya basi linaloruka mashimo, kwa kuwa humpalia kwa urahisi. Pili, wapo watoto wenye mzio wa karanga, na kwa baadhi yao hata chembe ndogo ni hatari ya mauti. Mwalimu aulize mapema, na darasa lenye mtoto wa aina hiyo liziache karanga nyumbani. Tatu, ziko karanga zilizoshikwa na kuvu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Kuvu wanaotoa sumu hiyo huzipenda karanga kama wanavyoyapenda mahindi. Zichambuliwe kwa mkono kabla ya kukaangwa. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya ukungu itupwe, wala asipewe kuku.

Lililo muhimu zaidi, na ambalo wazazi wengi hulisahau, ni saa. Chakula kilichopikwa chenye nyama, yai, maziwa au maharagwe hakifai kukaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na katika joto la Mombasa la mwezi wa Februari hata hizo saa mbili ni nyingi. Kwa hiyo mpangilio wa mkoba ufuate mpangilio wa kuharibika. Yai la kuchemsha, likiwa bado ndani ya ganda lake, liliwe basini saa moja au saa mbili asubuhi, liwe ndicho kifungua kinywa. Viazi, nduma na chapati viliwe kabla ya adhuhuri. Matunda na karanga, ambavyo havina haraka, vibakie kwa safari ya kurudi, wakati ambapo wauzaji wa kando ya barabara huzingira madirisha ya basi na mtoto mwenye njaa hachagui. Nduma iive barabara, kwa maana ikiwa nusu mbichi huwasha koo. Wali na mchuzi wa nyama, hata viwe vitamu namna gani, havikuumbiwa mkoba wa shule.

Na maji. Mtoto anayecheza juani anahitaji maji kabla hajasema ana kiu. Yawe yamechemshwa na kutiwa katika chupa inayojazwa tena. Hapa sheria yenyewe imeingia. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa haziruhusiwi katika mbuga za wanyama, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Shule nyingi huunganisha bustani ya burudani na mbuga katika ziara moja, na mtoto aliyenunuliwa maji ya chupa dukani hujikuta akinyang'anywa langoni. Kijibarua hakikusema neno juu ya hilo. Chombo cha bati chenye mfuniko chatosha kwa chakula. Asiyekuwa nacho atumie jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika. Bibi zetu walifunga hivyo, na halihitaji kurudishwa nyumbani kuoshwa.

Nilisoma shule ya msingi katika miaka ya maziwa ya Nyayo, mpango ulioanza mwaka 1979 chini ya Rais Moi na kufifia baadaye. Wenye umri wangu wanazikumbuka zile pakiti za pembetatu. Mengi yanaweza kusemwa juu ya mpango ule na gharama zake. Nilichokiona kwa macho yangu ya utotoni ni kwamba mtoto wa daktari na mtoto wa kibarua walikunywa kitu kimoja, kwa mrija wa aina moja, na hapakuwa na wa kumchungulia mwenzake. Ziara za leo zimefanya kinyume. Mkoba umekuwa tangazo la mfuko wa baba. Mzazi asiye na uwezo hukopa ili anunue krispi, si kwa sababu mwanawe atalala njaa bila krispi, bali kwa sababu ataaibika. Kwa bei ya mzigo ule wa dukani angenunua viazi na machungwa ya watoto kadhaa.

Najua mama wa jijini hurudi kutoka kazini usiku, amebanwa ndani ya matatu kwa saa mbili, na anayemwambia achemshe nduma alfajiri anaweza kuonekana mkatili. Baba naye ana mikono. Zaidi ya hayo, viazi vya watoto 40 vinaweza kuchemshwa katika sufuria moja kubwa jikoni mwa shule, kwa mchango mdogo uliojumlishwa katika nauli, na kila mtoto akapewa sawa na mwenziwe. Shule zenye mpango wa chakula cha mchana zina majiko na wapishi tayari. Hili lingewapunguzia wazazi usumbufu na kuondoa kabisa ule mchezo wa kuchunguliana mikoba.

Lipo jambo jingine linalonikera, nalo liko nje ya uwezo wa mzazi. Baadhi ya hizo bustani za burudani hukataza chakula kutoka nje. Nilishuhudia bawabu wa mahali fulani, ambapo sitapataja, akiwaamuru watoto zaidi ya 30 warudi kwenye maegesho ya magari na masurufu yao. Walisimama kando ya basi saa tatu asubuhi, wakala kila kitu kwa dakika 15, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kukiweka. Saa saba walikuwa na njaa. Ndani kulikuwa na kibanda kinachouza soda na chipsi kwa bei iliyopanda mara dufu. Wenye fedha walinunua, wasiokuwa nazo wakatazama. Mwenye bustani ana haki ya kutafuta riziki, lakini amekwisha kulipwa kiingilio. Akitaka kuuza chakula, na akiuze kwa anayekitaka. Kumnyima mtoto kiazi alichofungiwa na mamake ili anunue chipsi ni biashara ambayo kaunti, zinazotoa leseni za mahali hapo, zingepaswa kuikataza kwa sharti la maandishi.

Kabla ya hilo kufanyika, walimu wakuu wana silaha mkononi. Wao ndio waletao mabasi. Mmoja ninayemfahamu huuliza kwa simu kabla ya kulipa hata shilingi moja: je, watoto wataruhusiwa kuingia na chakula chao na maji yao, na je, kuna kivuli na mfereji wa kunawia? Wakisita, yeye hutafuta mahali pengine. Na kijibarua chake hakina neno 'sneki'. Kinasema hivi: "Mtoto aje na viazi, nduma, mihogo au chapati, tunda moja au mawili yasiyohitaji kumenywa kwa kisu, na maji katika chupa ya kujazwa tena. Soda na krispi zibaki nyumbani. Aliye na mwana mwenye mzio atujulishe kufikia Jumatano." Mwaka wa kwanza wazazi watatu walimpigia simu kulalamika. Mwaka uliofuata alipigiwa na mmoja tu, aliyetaka kujua kama magimbi yanahesabiwa kuwa nduma.